Mgonjwa wa Bwana Shamba

Jumatatu, 3 Februari 2014

Kikombe cha asubuhi nimekimaliza. Kichungu. Gervas alisimama mlangoni mpaka akahakikisha nimefika kwenye masalia, ndipo akawasha pikipiki. Leo yuko Kumsenga kwa wakulima wake wa maharage. Mume wangu ni bwana shamba. Maharage ya watu anayajua kuliko watoto wao wanavyoyajua.

Chai ya kijani! Mimi mtoto wa Usambara, nimezaliwa kwenye kambi ya wachuma chai, baba yangu kachuma mpaka vidole vikawa vyeusi. Leo naletewa chai ya pakiti kutoka dukani Kasulu na kufundishwa namna ya kuinywa. Majani ni yale yale. Ya kwetu yanasagwa na kuachwa yageuke rangi, haya yanawahiwa na moto kabla hayajageuka. Basi, hakuna kingine. Gervas anayashika kama ameshushiwa na malaika.

Anasema yanasafisha damu. Nikamuuliza damu yangu ina uchafu gani. Eti walimu wa mjini siku hizi wote wanakunywa.

Imla ya darasa la tano ni aibu. "Kwa hiyo" wameandika "kwaiyo", karibu wote. Nimesahihisha mpaka kalamu nyekundu imekauka.

Jumamosi, 8 Februari

Nimetia asali kwenye chai. Dumu la asali limejaa hapo pembeni ya kabati, asali ya Kibondo, nani angejizuia? Gervas akaja juu. Eti inaharibu nguvu yake. Nikamuuliza, kwani ni dawa? Akatoka kwenda kuwakatia mbuzi majani, na mbuzi walikuwa wameshiba.

Nisimkosee, ni mume mwema. Mwezi wa kumi na moja waliponikata kipande cha uvimbe kwenye titi ili kikapimwe Mwanza, alinibeba kwa pikipiki polepole njia nzima, mashimo yote akiyakwepa. Majibu yaliporudi hospitali, kabla shule hazijafunguliwa, mimi nilikuwa kitandani na malaria. Akaenda kuyachukua yeye. Akarudi akasema ni uvimbe tu, mafuta yamejikusanya. Nilifurahi, malaria na yote, nikaamka nikampikia samaki, migebuka kwa mawese.

Uvimbe wenyewe bado upo. Hauumi.

Alhamisi, 13 Februari

Mwalimu mkuu amenipunguzia vipindi. Sikuomba. Ni mwalimu mkuu huyu huyu aliyeninyima ruhusa ya siku moja kwenda kwenye msiba mwaka jana. Hesabu zangu za darasa la sita amepewa Costansia.

Costansia na mimi tulipangiwa kufundisha hapa Busunzu wakati mmoja. Yeye wa Songea, mimi wa Lushoto, wageni wawili tusiojua hata kusalimia kwa Kiha. Sasa tunakaa nyumba moja iliyogawanywa kwa ukuta, akikohoa namsikia. Hana siri kwangu na mimi sina kwake. Nikamuuliza, huyu mkuu kala nini? Akasema, "Wewe pumzika tu, mwenzangu." Huku anatazama chaki zake.

Kupumzika kitu gani? Sijachoka.

Jumapili, 23 Februari

Kila mtu ananipenda. Inaniudhi.

Mama mkwe ametuma jogoo kutoka Titye. Mama mkwe ambaye tangu niolewe ananiambia sijui kusonga ugali wa muhogo. Jogoo mzima, na salamu kwamba nile vizuri. Mama wa jirani amenichotea maji bila kuambiwa. Jana nikamchokoza Costansia kwa makusudi nione. Nikamwambia mchuzi wake ulikuwa na chumvi ya kulambisha ng'ombe. Akasema samahani. Costansia, samahani! Mtu ambaye tukikosana huhama ukumbi wa walimu na kiti chake.

Kanisani mchungaji ameomba tena kwa ajili ya "mgonjwa wetu mmoja". Wiki kadhaa sasa anamwombea na hamtaji jina. Nadhani ni yule mama wa kwaya mwenye miguu inayovimba. Nimeitikia amina kwa nguvu zote, maana namhurumia.

Jumanne, 4 Machi

Chai nimeimwaga kwenye mgomba. Upendo akaniona. Ana miaka tisa, binti yangu, na macho ya polisi. Akaanza kulia. Eti baba alimwambia ahakikishe mama anamaliza kikombe, na asipomaliza yeye ndiye mwenye kosa. Nikamwuliza kwa nini. Hajui. Nikampakata, nikaingia ndani nikachemsha nyingine, nikainywa mbele yake.

Gervas aliporudi nilimpa maneno yake. Kumtwika mtoto ulinzi wa kikombe ni ujinga gani? Akakubali kosa haraka mno. Siku hizi hakuna ugomvi unaonoga katika nyumba hii.

Jumatano, 12 Machi

Nikioga nimegusa kitu kwapani. Kama punje ya harage. Kinateleza chini ya vidole. Na uvimbe wa titi nadhani umekua. Sina uhakika. Unaukumbuka ukubwa wa kitu ambacho ulikuwa hutaki kukigusa?

Nimemwambia Gervas twende tena hospitali. Alibadilika uso. Akakaa kwenye kigoda, akainuka, akakaa. Kisha akasema tusubiri kidogo, tusiende kukatwakatwa ovyo, majibu si tulishapewa? Akaongeza kikombe cha jioni. Sasa ni asubuhi, mchana, alasiri na jioni. Nakojoa kama ng'ombe wa maziwa.

Nimekubali kusubiri mpaka mitihani ipite. Majibu tulishapewa, ni kweli.

Jumamosi, 22 Machi

Naandika nikiwa Titye, kwa mama mkwe. Nataka niandike sasa, wakati bado maneno yako kama yalivyosemwa.

Gervas yuko kwenye semina Kigoma mjini. Asubuhi nilimwacha Upendo kwa Costansia, nikaenda Kasulu kumnunulia viatu vya shule. Na kwa kuwa chai ilikuwa imebaki ya kufunika kidole tu, nikaona nimnunulie pakiti, aikute kabatini, afurahi. Ndivyo nilivyotaka. Kumfurahisha.

Duka anakoinunua nalijua kwa kusikia tu. La Mzee Salimu, mtu wa Pangani aliyeoa huku siku nyingi. Aliposikia lafudhi yangu akainua kichwa. Kumbe sote wa mkoa wa Tanga! Tukacheka, akanipa stuli, tukaongea habari za kwetu, za mabokoboko na mihogo ya nazi. Nikamwambia nataka chai ya kijani. Akasema hiyo analeta kwa ajili ya mteja mmoja tu, hapa Kasulu hakuna anayeinywa. Ya Bwana Shamba wa Busunzu.

Nikasema huyo ndiye mume wangu.

Akafurahi. Kisha akashusha sauti, kiungwana kabisa. "Na yule mgonjwa wenu wa titi, mwanangu, anaendeleaje? Maskini, Bwana Shamba alilia hapo hapo ulipokaa. Kansa si mchezo."

Mkono wangu ulikwenda wenyewe kifuani, upande wa kushoto, ukatulia pale. Mzee akautazama mkono. Akanitazama mimi. Nikamwona anavyoelewa, na nadhani mimi nilielewa kwa kumwangalia yeye. Akasema, "Astaghfirullah." Akakaa kwenye gunia la mchele na kuvua kofia.

Sikununua chai. Viatu sijui nimeviacha wapi. Nilipanda gari la kwanza la kuja Titye, kwa sababu kama kuna mtu anajua jambo la Gervas, ni mama yake.

Jumapili, 23 Machi

Anajua. Alijua kabla yangu. Alijua tangu Januari.

Jana nilimkuta anapepeta maharage uani. Sikumsalimia hata. Nikamuuliza, mama, mimi nina kansa? Akaacha ungo chini. Akaanza kulia kabla hajajibu, na hilo ndilo likawa jibu.

Maneno yake nayaandika kama alivyoyasema.

"Eliwaza, mwana wanje, sisi hatukukuficha kwa ubaya. Sisi tulimuona Yustina."

Yustina alikuwa shangazi yake Gervas. Alikwenda hospitali kwa miguu yake, amebeba na kikapu cha ndizi. Daktari akamwambia jina la ugonjwa wake usoni. Akarudi nyumbani, akalala akaelekea ukutani, akakataa chakula. Maharage ya msimu ule hayakumkuta. Tangu hapo katika ukoo huu inajulikana: ugonjwa haukumuua Yustina, jina ndilo lililomuua. Kwa hiyo Gervas alipoambiwa na daktari, hakuja kwangu. Alikuja hapa. Wakaita kaka zake. Wakakaa kikao.

Kikao cha titi langu. Mwenye titi hakualikwa.

Wakakubaliana jina lisitamkwe mbele yangu. Wakakubaliana apatikane mtu wa kunitazama shuleni. Na chai ilitoka wapi? Ilitoka redioni. Mama alikuwa anasikiliza redio yake ya betri, wakatangaza habari za chai. "Wamesema, chai ya kijani huenda ikazuia kansa. Nimesikia kwa masikio haya. Huenda! Inakwenda, inafika pale kwenye titi, inaizuia."

Nikamwomba arudie. Akarudia, na kidole akakipitisha hewani kunionyesha safari ya chai, kutoka mdomoni, shingoni, mpaka kifuani. Inakwenda, inafika.

Miaka yote hii nafundisha Kiswahili. Nawaambia watoto, kuna huenda ya baba aendaye shamba kila siku, na kuna huenda ya mtu asiyekuwa na uhakika. Msizichanganye. Mama mkwe Kiswahili alikiokota sokoni na kanisani, Kiha ndiyo lugha yake. Yeye kasikia ya kwenda shamba. Simlaumu hata kidogo. Alisikia chai inakwenda, akamwamini mtangazaji.

Nikamuuliza, Gervas je? Yeye alisemaje?

"Nilimuuliza, ndivyo? Akasema ndivyo, mama."

Ndivyo, mama.

Gervas kasoma chuo. Gervas anazisahihisha barua za mwalimu mkuu. Tulipochumbiana aliniandikia Kiswahili kilichonyooka mpaka nikadhani kaandikiwa na mtu. Mama hakujua maana ya lile neno. Yeye aliijua. Alijua redio imesema labda, na akachukua maisha yangu akayaweka juu ya labda, kisha akaja kuniambia inasafisha damu.

Nimelia mpaka nimechoka. Mama mkwe amenisongea ugali, kwa mara ya kwanza hakusema neno juu ya ugali wangu. Sikula. Kisha nikamwona anavyoutazama mkono wangu usiogusa sahani, nikajua anamwona Yustina. Nikala. Nikala wote, kwa hasira.

Jumanne, 25 Machi

Gervas karudi. Nilikuwa nimekaa sebuleni, mikono magotini. Nikamwambia nimepita dukani kwa Mzee Salimu.

Hakukana. Ningependa angekana, ningepata cha kupigana nacho. Akakaa sakafuni akiwa na viatu vyake vya semina. Akasema alitaka niishi bila hofu. Nikamjibu kwamba aliyeishi bila hofu ni mimi, na aliyeishi bila kumwona mke wake akiogopa ni yeye, na kipi hasa alikuwa anakikwepa? Akasema hajui.

Kisha likatoka la kunimaliza. Nikamuuliza daktari alisema tufanye nini. Akasema daktari alisema twende Mwanza. Nikauliza lini. Akafunika uso. Alisema haraka.

Haraka! Januari ile! Sasa ni mwisho wa Machi, kwapani nina harage, na huyu mtu amekuwa ananichemshia majani.

Anasema alikuwa amepanga kuniambia. Kwanza baada ya malaria. Halafu shule zilipofunguliwa nilikuwa na furaha, akashindwa. Halafu akasikia za chai, akaona Mungu kamfungulia mlango. Anasema kila nilipomaliza kikombe yeye alipata usingizi. Naamini hilo. Dawa ilikuwa yake, mnywaji mimi.

Namchukia leo. Nimeandika na sifuti.

Jumatano, 26 Machi

Aliyechaguliwa kunitazama shuleni ni Costansia.

Alikuja mwenyewe, macho mekundu, amebeba chapati. Eti aliapishwa kwa Biblia na kaka mkubwa wa Gervas. Eti mara nyingi alitaka kusema. Nikamwambia ukuta wetu ni wa tofali moja, ungeweza hata kunong'ona. Akalia. Chapati nikazirudisha.

Na mwalimu mkuu anajua. Na mama wa maji anajua. Nimewahesabia huruma zao zote nikiwa nadhani ni tabia njema. Hakuna aliyekuwa ananipenda. Walikuwa wananiaga.

Hili la Costansia linauma kuliko la Gervas. Gervas ni mwanamume na ana ukoo nyuma yake. Costansia alikuwa na nini? Alikuwa na mimi.

Jumapili, 30 Machi

Nimekwenda kanisani ili waniangalie vizuri. Mchungaji akafika kwenye maombi. "Na mgonjwa wetu mmoja." Ndipo nikaelewa. Nilikuwa najiombea. Wiki zote hizo, nikimhurumia yule mama wa kwaya, amina yangu ndiyo ilikuwa kubwa kuliko zote.

Nikasimama. Nikasema, mchungaji, ana jina. Anaitwa Eliwaza, Mama Upendo, mwalimu wa darasa la tano, na ugonjwa wake unaitwa kansa ya titi. Sasa ombeni.

Mtoto mmoja akapiga chafya. Wakaomba, lakini kwa woga, kama watu waliokamatwa wakila mboga jikoni kabla ya wageni. Mama mmoja mzee alinifuata nje, akanishika mkono, akaninong'oneza kwamba nisilitaje tena, litazoea mdomo wangu. Nimelitaja njia nzima kurudi. Kansa, kansa, kansa. Sijafa bado.

Naogopa sana. Nayo nimeiandika, isije ikaonekana mimi ni shujaa.

Jumatano, 2 Aprili

Ruhusa ya kwenda Mwanza nimepewa. Safari hii mkuu hakubisha.

Gervas ameuza mbuzi wote. Anataka kunisindikiza. Nilikuwa nimeamua niende peke yangu, nimpige kwa upweke huo. Halafu nikafikiri: nani atanifulia, nani atanitafutia damu, nani atanishika mkono nikishuka kitandani? Kiburi hakifui kanga. Aje. Lakini sijamsamehe na nimemwambia hivyo, mbele ya mama yake aliyekuja kumchukua Upendo.

Upendo nimemwambia mwenyewe. Nimemweka mbele yangu nikasema mama ana ugonjwa unaoitwa kansa, anakwenda kukatwa, inawezekana akapona na inawezekana asipone. Gervas alitoka nje nilipoanza. Mtoto akauliza kama inaambukiza. Nikasema hapana. Akauliza kama bado anatakiwa kulinda kikombe. Nikasema hapana, hiyo kazi imeisha. Akapumua. Hakuanguka wala hakuelekea ukutani.

Jumatatu, 7 Aprili

Njiani tangu alfajiri. Kibondo, Kakonko, Nyakanazi, vumbi mpaka kwenye meno, baadaye mvua, gari likazama tukashuka wote. Gervas alisukuma na vijana. Nilikaa kiti cha dirishani, yeye nyuma yangu. Anaponipa maji napokea.

Kwenye kivuko alisimama mbali kidogo na mimi, kanishikia mfuko. Abiria mmoja akaniuliza kama yule ni mlinzi wangu. Nikakaribia kucheka, nikakumbuka.

Alhamisi, 10 Aprili

Daktari wa hapa Mwanza ni mwanamke, mfupi, anaongea haraka. Alipapasa titi, akapapasa kwapa, akakaa. Akaanza kumweleza Gervas. Nikamwambia daktari, titi liko huku. Akageuka. Tangu hapo akaongea na mimi.

Lazima likatwe lote, na tezi za kwapani. Baadaye dawa za kudondoshewa kwenye mshipa, itategemea wakipima walichokitoa. Nikamuuliza kama ningekuja Januari. Alitafuta maneno. Akasema hawezi kujua ingekuwaje, anachojua ni kwamba kazi ingekuwa nyepesi zaidi. Gervas alikuwa anatazama sakafu. Nilitaka alisikie. Nilimuuliza kwa ajili hiyo.

Kisha nikamuuliza habari za chai ya kijani. Gervas akastuka. Daktari hakucheka, namshukuru. Alisema ni kweli kuna watu wanaichunguza, kuna vitu ndani ya yale majani vinavyopambana na kansa kwenye vyombo vya maabara. Lakini mwili wa mtu si chombo cha maabara. Katika watu majibu yanapingana, na hajaona aliyethibitisha kwamba inatibu. Ukiipenda inywe kama chai, alisema, ila ukianza dawa zetu utuulize kwanza. Na isikuchelewishe kuja.

Hiyo ya mwisho aliisema bila kujua anaisema kwa nani.

Baba yangu aliishi na kufa katikati ya chai. Kansa ya koo ndiyo iliyomchukua. Hakuna aliyeniuliza. Ningewaambia siku ya kwanza, kama wangelitaja jina.

Jumanne, 15 Aprili

Kesho nakatwa. Muuguzi amepita kitanda hadi kitanda kutayarisha. Kijana mpole. Akafika kwangu, akamwangalia Gervas, akauliza kama wanavyouliza wote: majibu yakitoka tumpe ndugu gani?

Gervas akafungua mdomo. Nikamuwahi. Nikasema mnipe mimi.

Muuguzi akasema kwa kawaida tunapenda awepo ndugu, mama, kwa ajili ya mshtuko. Nikamwambia mshtuko nilishaupata dukani Kasulu, nimekaa kwenye stuli. Hakuelewa. Akaandika alivyoambiwa.

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka. Titi halipo. Nilidhani nitalilia zaidi ya hivi. Ninachosikia ni uzito wa bandeji na kiu.

Gervas amenifulia kanga bombani, katikati ya wanawake. Wamemcheka. Mmoja akamfundisha kukamua. Nilikuwa namwona kupitia dirishani, mgongo wake umepinda, sabuni inamponyoka. Nampenda huyu mtu. Simwamini. Sikujua kwamba viwili hivyo vinaweza kukaa kifuani mwa mtu mmoja, na kifua chenyewe sasa kimepungua.

Costansia ametuma salamu kwa simu ya Gervas. Nimemwambia amjibu asante. Zaidi ya hapo sina.

Jumatano, 7 Mei

Mvua ya asubuhi imekwisha, wodi inanuka sabuni. Daktari alikuja majibu yakiwa tayari. Alisimama, akamtazama Gervas kwa mazoea. Gervas akainuka bila kuambiwa, akatoka.

Daktari akakaa kitandani kwangu. Alisema yote. Nilimsimamisha mara mbili ili arudie, kama ninavyowaambia watoto warudie. Tezi za kwapani zilikuwa na ugonjwa, si moja. Dawa zinaanza wiki ijayo, ni kali. Nywele zitakwenda. Nikamuuliza kama nitapona. Akasema anatumaini, na kwamba hataniahidi. Nilimshukuru kwa kutoniahidi. Alipoondoka nikajifunika kanga mpaka kichwani.

Gervas aliingia baada ya muda. Alikuwa amesimama koridoni wakati wote, mabega yameloa kwa matone ya paa. Akauliza, taratibu, daktari kasema nini.

Nikamwambia akae. Nikamweleza neno kwa neno, pamoja na lile la mwisho, kwamba haahidi, nisilotaka kulisikia hata mimi. Alilia. Sikumwambia kwamba yatakuwa sawa.